Tuanze na Magoti ya Abiria

Neno gari tulilikopa kutoka Bara Hindi, ambako lilitumika kwa chombo kikokotwacho na mnyama. Sisi tukaliita kwalo gari la farasi, gari la moshi na hatimaye motokaa. Ndiyo desturi ya lugha: kitu kipya hupewa jina kongwe. Lakini waundaji wa motokaa za kwanza huko Ulaya hawakurithi jina tu, walirithi na umbo.

Mwaka 1886 Gottlieb Daimler alitia injini katika gari la farasi. Kwa miaka mingi baadaye, kiwanda kiliunda fremu, injini na magurudumu, kisha mafundi wa magari ya farasi wakajenga bodi juu yake. Kulikuwa na bodi iliyoitwa kwa Kifaransa tonneau, yaani pipa. Abiria wake waliingilia kijilango cha nyuma, kwa kuwa fremu ilikuwa fupi mno, ubavuni pasipatikane nafasi ya mlango baina ya kiti cha dereva na gurudumu. Katika bodi nyingine abiria waliketi mbele wakimkabili dereva, naye akalazimika kuchungulia njia kati ya vichwa vyao!

Nafuu ilikuja fremu ziliporefushwa. Mercedes ya mwaka 1901, kazi ya Wilhelm Maybach, ilikuwa ndefu na ya chini, na mhimili wa usukani wake uliinamishwa kumwelekea dereva. Hata hivyo, magari mengi ya matajiri yaliendelea kuwafunika abiria kwa paa, dereva akaachwa mvuani.

Haya si ya kale pekee. Mabasi mengi ya shule zetu huundwa vivyo hivyo: bodi hujengwa na mafundi wa humu nchini juu ya fremu ya lori. Mwaka jana nilisafiri na wanafunzi wangu kwenda Pwani katika basi la jinsi hiyo. Magoti yetu yalisukumana na viti vya mbele njia nzima. Dereva, ambaye kiti chake hakikuweza kusogezwa, alisimama mara kwa mara kunyoosha mgongo. Nikajiuliza: dereva aliyechoka hivyo, roho hamsini zi salama mikononi mwake?

Yamkini mtu atasema kwamba viti vingi humpunguzia mzazi gharama. Sikatai. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Muuzaji hutaja idadi ya viti, hataji nafasi ya miguu.

Basi, walimu wakuu na bodi za shule, kabla ya kutia sahihi, mpelekeni karakanani mwanafunzi mrefu kuliko wote pamoja na dereva wenu. Waketi kwa muda wa kutosha. Wakiinuka wakijikanda magoti na migongo, mwambieni fundi apunguze safu moja ya viti. Mwili wa binadamu ndio uwe kipimo cha bodi ya gari.