*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE: HATI MBOVU ZA VIAPO ZITAIUA KESI YETU*



Kamati ya tawi ilikaa jana jioni kupitia hati 14 za viapo zilizoletwa na ofisi ya chama ya kaunti, ziambatane na kesi ya kupinga matokeo ya MCA katika wadi yetu. Tunasema wazi: *jinsi zilivyo, hatuzikubali.* Si kwamba tumeikatia tamaa kesi. Tunaitaka, ndiyo maana tunasema.

Tulichokiona ni hiki:

*1.* Hati 5 hazionyeshi tarehe wala mahali kiapo kilipofanyika. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Viapo kinamtaka kamishna wa viapo aandike yote mawili, tena kwa ukweli.

*2.* Hati 3 zimepigwa muhuri na wakili yuleyule anayetuandalia kesi. Sheria hiyohiyo inamkataza kamishna kuapisha watu katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmoja.

*3.* Picha za fomu 36A zimebanwa nyuma kwa pini, hazina herufi wala muhuri. Ndani imeandikwa "tazama kiambatisho", lakini kiambatisho kipi, hakuna ajuaye.

*4.* Hati 9 zina aya sita zinazofanana neno kwa neno. Mawakala wa vituo tisa wote waliona gari jeupe likiingia saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Gari moja, vituo tisa, dakika moja!

*5.* Mama mmoja aliyekuwa wakala wetu ameandikiwa kurasa 6 za Kiingereza. Mama huyu husoma Kiswahili tu. Hakuna mstari unaosema alisomewa na kufafanuliwa akaelewa.

Tulipouliza, tukajibiwa kwamba hayo ni mambo madogo ya karatasi, na kwamba Kifungu cha 159 cha Katiba kinaikataza mahakama kushikilia mno taratibu. Kifungu hicho kipo na ni kizuri. Herufi ikikosewa, au jina la mhusika likiandikwa vibaya, hakimu anaweza kusamehe. Lakini kifungu hicho si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2013, katika kesi ya urais, Mahakama ya Juu iliondoa hati ya kiapo ya zaidi ya kurasa 800 kwa kuwa ililetwa kwa kuchelewa. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo ilitamka kwamba siku 28 za kufungua kesi zinahesabiwa tangu matokeo yatangazwe, si tangu yachapishwe katika Gazeti la Serikali. Kesi ya kupinga ugavana wa Mombasa ikafia hapo. Anayesema taratibu haziui kesi hajaishi Pwani hii.

Tena hapa hatuzungumzii taratibu tupu. Katika kesi ya uchaguzi hati ya kiapo *ndiyo ushahidi wenyewe.* Shahidi hapandi kizimbani kusimulia upya. Anapanda kuhojiwa na mawakili wa upande wa pili juu ya yale aliyoapa. Swali la kwanza litakuwa: "Haya maneno uliyaandika wewe?" Wakala wetu atajibu nini?

Na atakayejibu si bwana mkubwa wa ofisi ya kaunti. Ni vijana wetu waliokesha vituoni kwa chai na mkate. Kusema uongo mahakamani chini ya kiapo ni kosa la jinai, kifungo chake ni hadi miaka 7. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilikuta kwamba baadhi ya kumbukumbu za kompyuta zilizoambatishwa kwenye viapo ama zilikuwa za uchaguzi wa 2017, ama za kughushi. Hatutaki jina la mwanachama wetu hata mmoja liingie katika hukumu ya namna hiyo.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba *ushahidi wa kweli tunao.* Kuna kituo ambacho nakala ya 36A aliyopewa wakala wetu ina tarakimu tofauti na zile zilizojumlishwa kwenye 36B. Aliiona fomu ikijazwa, alitia sahihi, na nakala anayo mkononi. Ukiuweka ushahidi huo katikati ya hati tisa za kunakiliwa, hakimu atautilia shaka nao pia. Tawi hili halilipi hata nauli ya boda bila risiti. Risiti moja ya kughushi ikionekana katika faili, mkaguzi haamini tena faili zima.

Wanachama wamechangishana shilingi 100,000 za dhamana ya gharama. Wengine walitoa hamsini hamsini. Fedha hizo si za kuchezewa.

Kwa hiyo tumeazimia:

✅ Hati zote 14 zirudishwe, ziandikwe upya. Zimebaki siku 11. Hati za mashahidi huwasilishwa pamoja na kesi, na ya baadaye ni kuomba ruhusa ya mahakama.

✅ Jumamosi saa tatu asubuhi, kila wakala afike ofisi ya tawi na fomu yake na kitambulisho. Aseme aliyoyaona *yeye*, kwa lugha yake. Aliyoyasikia kwa jirani ayaache.

✅ Viapo vifanyike mbele ya kamishna asiyehusika na kesi, na kila kiambatisho kipewe herufi na muhuri.

❌ Mwanachama yeyote asitie sahihi karatasi tupu, wala karatasi asiyoielewa, hata akiletewa na nani.

Ofisi ya kaunti ikikataa, tawi halitawatoa mawakala wake. Aliye na kura halali haogopi kuapa vizuri.

*Imetolewa na Katibu wa Tawi kwa niaba ya Kamati.*