Bandari Ikitengenezwa Upya, Itakuwa ya Nani?

Ndugu wafanyakazi wa migodi, nanyi raia wa mji wa Kamina, leo tuseme habari ya bandari.

Wengine watacheka: Kamina ni mji wa reli, bandari iko wapi? Iko Bukama, jirani yetu, penye mto Lualaba. Reli kutoka Elisabethville ilifika pale mwaka 1918, na mizigo ikashushwa magarini kupakiwa katika masuwa za kwenda Kongolo. Mwaka 1928 ikafunguliwa reli ya Port-Francqui, inayopita kwetu Kamina. Katika miaka ya 1950 ikajengwa nyingine toka Kamina mpaka Kabalo. Basi mzigo ukapita juu ya chuma, haukuhitaji tena maji. Kamina ikapata, Bukama ikapungukiwa. Mpango ulikatwa na wakubwa wa ukoloni. Mpakiaji hakuwa na kiti mezani pao.

Tunayasema haya kwa sababu mwaka 2023 Kongo ilitia sahihi pamoja na Angola, Zambia, Marekani na Ulaya juu ya njia ya Lobito. Njia ile inapita Dilolo na Kolwezi. Fedha za namna hiyo zikifika siku moja hata Bukama, tusipige makofi mbele ya kuuliza.

Tutazame London. Gati za West India zilifungwa mwaka 1980. Mwaka 1981 serikali ikaunda shirika la kutengeneza upya eneo lote, ikalipa madaraka ya ujenzi yaliyokuwa ya mabaraza ya wenyeji. Tusikatae yaliyo mema: reli mpya ilifunguliwa mwaka 1987, majumba marefu yakasimama, kazi nyingi zikaja. Lakini zilikuwa kazi za benki na za kalamu. Aliyebeba magunia miaka 20 hakuzijua. Bei ya nyumba ikapanda, mtoto wa mpakiaji akashindwa kukaa pale alipozaliwa.

Sisi wa migodi tunalielewa jambo hili. Nyumba ya kambi ilifuata kazi. Kazi ikiisha, mlango ulifungwa.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, majina ya wote wanaokaa na kufanya biashara kando ya maji yaandikwe mbele ya jiwe la kwanza, na viwanja vyao vipate hati. Pili, mama wanaouza samaki na wenye mitumbwi wapewe mahali palepale, wasitupwe mbali na mto. Tatu, vijana wafundishwe kazi mpya wakati wa ujenzi, sio baada yake.

Wazee husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija na mwenyeji akafukuzwa, nani amepona? Uhuru wa 1960 ulitupa bendera. Kiti mezani tutakidai wenyewe.