Diski SSD inapochelewa: kabla ya kununua ingine, ni vizuri kujua ugonjwa wake

Ordinatere ilikuwa inawaka kwa sekunde 20. Leo inachukua dakika tatu. Emisio ya saa moja ilikuwa inakopiwa wakati mtu anamimina chai; sasa anaimaliza chai yote na kopi haijafika nusu. Mwenye mashini anasema: "Ile diski imekufa, tutafute ingine."

Jibu hilo limekuwa la gharama. Tangu miezi ya mwisho ya 2025, bei ya chipu za kumbukumbu imepanda duniani, juu viwanda vinatanguliza kampuni kubwa zinazojenga vituo vya akili mnemba. Tarehe 3 Desemba 2025, kampuni Micron ya Marekani ilitangaza kwamba inaacha kuuzia watu wa kawaida diski na kumbukumbu zenye jina Crucial. Mashariki mwa Congo, diski zinatoka ng'ambo na zinalipwa kwa dola. Tena kule Goma na Bukavu, benki nyingi zilifunga milango mapema 2025, na feza taslimu ikawa shida. Kutupa diski ambayo bado nzima ni hasara ambayo shule, kituo cha afya ao redio ndogo haiwezi kubeba.

Lakini kuna hatari ingine, kubwa kuliko feza: kuna diski inayochelewa juu imejaa tu, na kuna diski inayochelewa juu iko karibu kufa na kila kitu kilicho ndani yake. Kwa macho, zote mbili zinafanana.

Diski iliyojaa haina pa kupumua

SSD haina sahani inayozunguka kama diski za zamani. Iko na chipu, na chipu hizo ziko na kanuni moja ngumu: zinaandikwa kidogo kidogo, lakini zinafutwa kwa fungu zima. Ni sawa na nyumba ya wageni ambamo chumba kimoja hakisafishwi peke yake. Lazima wageni wa jengo lote wahamishiwe kwanza jengo lingine. Kama majengo matupu ni mengi, kazi inafanyika polepole usiku, wala hakuna anayesikia. Kama yote yamejaa, mgeni mpya anangoja mlangoni. Kule kungoja ndiko mtu anaita "mashini imechoka."

Ni kwa sababu hiyo mafundi wanashauri kuacha sehemu ya 10 mpaka 20 kwa mia ya diski ikiwa tupu. Na wakati faili inafutwa, mfumo wa ordinatere unapaswa kuijulisha diski kwamba nafasi ile haina mwenyewe tena. Amri hiyo inaitwa TRIM. Isipofika, diski inaendelea kulinda na kuhamisha data ambazo mtu alifuta zamani. Ndivyo inavyotokea mara nyingi kwa SSD inayotumiwa kupitia kisanduku cha USB cha bei ya chini.

Mbio ya mwanzo si mbio ya kweli

Diski nyingi za bei rahisi ziko na sehemu ndogo ya mbio, ambayo inapokea data kwanza. Ikijaa, diski inabaki na mwendo wake wa kweli. Kwa diski za aina ya QLC, ambazo zinabana biti nne katika seli moja, mwendo huo unaweza kushuka chini ya megabaiti 100 kwa sekunde, hata chini ya diski ya sahani. Mwenye kukopi gigabaiti 200 za video kwa mara moja ataona mbio ikikatika katikati ya njia. Hapo hakuna kilichoharibika. Ndivyo ilivyotengenezwa.

Hata mlango unaweza kuchelewesha. SSD nzuri ya SATA inafika karibu megabaiti 550 kwa sekunde, lakini kwa mlango wa USB 2.0 haipiti sana 40. Na diski ndogo za NVMe zinajipunguzia mwendo zenyewe joto likikaribia nyuzi 70 ao 80, ili zisiungue. Ordinatere iliyojaa vumbi, katika chumba bila hewa, inafika pale haraka.

Data za zamani, na mashini zilizozimwa

Sababu ingine haijulikani sana, na inagusa moja kwa moja jimbo lenye watu waliokimbia na biro zilizofungwa. Chipu inatunza data kwa kufungia chaji ya umeme ndani ya seli. Chaji hiyo inavuja polepole. Ikipungua, diski inalazimika kusoma mara mbili, mara tatu, mpaka ielewe. Katika 2014, watu wenye diski Samsung 840 EVO waliona kwamba faili mpya zinasomwa mbio, lakini zile za miezi zinakwenda kwa mwendo wa konokono. Samsung ilitoa dawa ya programu Oktoba 2014, ugonjwa ukarudi, ikatoa ya pili Aprili 2015.

Kanuni ya viwanda, inayotungwa na JEDEC, inaomba SSD ya kawaida iliyofika mwisho wa maisha yake iweze kutunza data mwaka mmoja bila umeme, kwa joto la nyuzi 30. Diski mpya inavumilia zaidi. Joto kali linafupisha muda huo. Basi, ordinatere iliyozeeka na kuachwa ndani ya biro tangu wakati wa vita, ikiwashwa leo na kuonekana nzito, haipaswi kupewa kazi siku hiyo. Inapaswa kutolewa data kwanza.

Kukatika kwa umeme kwa ghafula nako ni adui. Diski ikizimika wakati inaandika, orodha yake ya ndani inaweza kuvurugika. Betri nzuri ya laptopu, ao onduleri kwa mashini ya mezani, ni kinga ya kweli.

Soko nalo liko na ugonjwa

Katika 2021, Western Digital ilikubali kwamba ilibadilisha chipu ndani ya diski WD Blue SN550 bila kubadilisha jina, na mwendo wa kuandika ukashuka kisha ile sehemu ya mbio kujaa. Iliahidi kutoa jina jipya siku zijazo. Kwa hiyo diski mbili zenye karatasi moja zinaweza kuwa tofauti.

Mbaya zaidi ni zile za uongo: kisanduku kimeandikwa terabaiti mbili ao zaidi kwa bei ya kushangaza, na ndani mna kadi ndogo ya simu. Inakubali faili zote, kisha inafuta zile za kwanza kimya kimya.

Kazi kwa utaratibu wake

La kwanza, kukopi vitu vya lazima kwa diski ingine, kabla ya kujaribu dawa yoyote.

La pili, kusoma hali ya diski. Programu ya bure CrystalDiskInfo inaonyesha afya na joto: rangi ya buluu ni nzuri, njano ao nyekundu ni mwito wa kuhama haraka.

La tatu, kuangalia nafasi na kufungua nafasi kama imejaa.

La ine, kwa Windows ya Kifaransa, kufungua "Défragmenter et optimiser les lecteurs" na kubonyeza "Optimiser". Kwa SSD, Windows inatuma TRIM. Programu zingine za kupanga faili, zile za diski za sahani, ziachwe: zinazeesha chipu bure.

La tano, kubadilisha waya ao mlango, kusafisha vumbi, na kuhakikisha si virusi ao kumbukumbu kidogo ndivyo vinavyolemea mashini.

Kwa diski mpya ya sokoni, programu H2testw inaijaza yote na kuisoma tena. Inachukua saa nyingi, lakini uongo unajionyesha. Ni vizuri kuifanya kabla ya kuweka data, na kupatana na muuzaji kuhusu kurudisha.

Kisha hatua hizo, diski nyingi zinarudia mwendo wake bila dola hata moja. Zile ambazo hazirudii zimetoa onyo mapema. Mara nyingi SSD inakufa bila kelele, tofauti na diski ya sahani ambayo inaweza kugonga-gonga kwanza. Kwa kituo cha afya chenye orodha ya chanjo, shule yenye matokeo ya wanafunzi, ao redio yenye sauti za wazee ambao hawako tena, kule kuchelewa kunaweza kuwa onyo moja tu. Diski ingine itapatikana siku moja sokoni. Sauti zile hazipatikani.