Machozi mbele ya baba mkubwa



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wakubwa wengi wanalicheka: kijana kulia mbele ya filme ya michoro, zile ambazo watoto wanaita deseni. Amekaa mbele ya televisheni, ao ameinamia telefone, epizode ya mwisho inafika, na mara macho yanajaa maji. Mkubwa anapita, anamwambia: "We mukubwa hivi, unalia juu ya deseni?" Mtoto anapangusa uso haraka, anasema ni moshi wa makala.

Mimi nasema: mwache alie kwanza. Halafu muulize analia juu ya nini. Pengine jibu lake litakufaa hata wewe.

Tuchukue deseni moja ambayo wengi wenu mnaijua. Kwa Kifaransa inaitwa Avatar, le dernier maître de l'air. Si ile filme ya watu wa rangi ya buluu, hapana, hii ni nyingine. Waliotunga ni Wamarekani wawili, Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, na michoro mingi ilichorwa katika Korea ya Kusini. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 21 Februari 2005, kwenye chaneli ya Nickelodeon, ikamalizika tarehe 19 Julai 2008. Epizode zote ni 61, katika sezoni 3: Maji, Udongo, Moto. Epizode nne za mwisho, ambazo jina lao ni la ile nyota yenye mkia ya Sozin, zilionyeshwa zote usiku mmoja. Miaka imepita, lakini mtu anayeiona leo mara ya kwanza analia palepale walipolia watu wa mwaka ule.

Kwa wale ambao hawajaiona, hadithi ni hii. Dunia ina mataifa manne, la maji, la udongo, la moto na la hewa, na katika kila taifa kuna watu wenye uwezo wa kuongoza kitu kile. Avatar ni mmoja tu, yeye anaweza kuongoza vyote vine. Taifa la moto limefanya vita miaka 100 na limemaliza watu wa hewa. Amebaki mtoto mmoja, Aang, mwenye miaka 12, aliyekuwa amefungwa ndani ya barafu wakati ule wote. Wazazi wengine wataniuliza: "Pasta, mbona mle kuna roho za namna nyingi na mtu kuzaliwa tena?" Ni kweli, watungaji walichukua mawazo hayo katika dini za Asia. Kaa na mtoto wako, umwambie wazi yapi si imani yetu. Lakini machozi yenyewe hayakutoka pale.

Machozi yanatoka kwa kijana mwingine, Zuko, mwana wa mfalme wa moto.

Zuko alipokuwa na miaka 13 aliingia katika mkutano wa wakubwa wa vita. Akasikia jemadari mmoja akipanga kutuma askari wapya wafe bure, wawe kama chambo. Mtoto akasema hapana. Kwa neno lile, baba yake Ozai akamwita mbele ya watu wote wapigane kwa moto. Mtoto akapiga magoti, akakataa kupigana na baba yake. Baba akamchoma uso, kisha akamfukuza katika nchi: asirudi mpaka amkamate Avatar, mtu ambaye hakuna aliyemwona kwa miaka 100. Ni kusema: usirudi kabisa.

Nani alipanda mashua pamoja naye? Iroh, mkubwa wa Ozai. Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko Kifaransa. Kwa Kifaransa wanasema oncle, basi, imekwisha. Sisi tunajua kwamba mkubwa wa baba yako ni baba mkubwa. Ni baba kweli. Na Iroh alikuwa mzazi aliyefiwa. Zamani alikuwa jemadari, alizunguka mji mkubwa wa Ba Sing Se kwa siku 600, na pale ukutani mwana wake wa pekee, Lu Ten, akauawa. Iroh akaacha vita. Mzee aliyepoteza mwana akafuatana na kijana aliyetupwa na baba. Alimfundisha, alimpikia chai, alimvumilia katika hasira zake zote.

Na kijana akamlipa nini? Mwisho wa sezoni ya pili, epizode iliyoonyeshwa tarehe 1 Desemba 2006, walikuwa ndani ya Ba Sing Se. Wakimbizi wawili, wanauza chai, na kwa mara ya kwanza maisha yalikuwa matulivu. Ndipo dada yake Azula akaja na kumwonyesha njia ya kurudi nyumbani na kupata heshima. Zuko akachagua dada yake. Aang akapigwa na radi karibu ya kufa. Iroh alibaki nyuma ili Aang na rafiki zake wapate kukimbia, akafungwa, na alipomtazama Zuko aligeuza uso. Vijana wengi walipiga kelele mbele ya televisheni siku ile. Hata gerezani, Zuko alipokuja kumwona mara ya kwanza, mzee alikaa bila kumjibu hata neno moja.

Sasa tufike mwishoni. Zuko amefahamu uovu wa vita. Amemwambia baba yake machoni kwamba anakwenda kumsaidia Avatar. Amekimbia gerezani amfungue Iroh, kumbe mzee amekwisha kutoroka mwenyewe. Baada ya kutafuta sana, Zuko anamkuta katika kambi, nje ya ukuta wa Ba Sing Se, mji uleule alipokufa Lu Ten. Baba mkubwa yumo ndani ya hema. Na kijana huyu asiyeogopa moto wala radi anakaa chini nje, anaogopa kuingia. Rafiki yake Katara anamtia moyo, kwamba mzee atamsamehe. Anaingia. Mzee amelala, anakoroma. Zuko hamwamshi. Anakaa magoti chini, anangoja mpaka kunakucha.

Iroh anaamka, anageuka, anamwona. Zuko anaanza kusema, na machozi yanatoka. Hajitetei. Hasemi ni dada alinidanganya, ao nilikuwa mdogo. Anasema ana haya, na anajua pengine mzee hataki hata kumwona. Hajamaliza, mkono wa mzee unamshika nguo na kumvuta kwa nguvu, anamkumbatia. Zuko mwenyewe anashangaa, anauliza inawezekanaje kumsamehe upesi hivi. Mzee anamjibu kwamba hakuwa na hasira naye hata siku moja. Alikuwa na huzuni tu, kwa kuogopa kwamba mwana huyu amepotea njia.

Ndugu msomaji, hapo ndipo watu wanalia. Wala si watoto tu.

Kwa sababu gani pale, na si mahali pengine? Maana katika epizode zile nne kuna mambo makubwa zaidi kwa macho: nyota yenye mkia inapita, mbingu inakuwa nyekundu, Aang anapigana na Ozai juu ya miamba. Aang hataki kuua. Maavatar waliomtangulia wamemshauri awe mkali, yeye bado anakataa. Mwishoni kobe mkubwa kama kisiwa anampa uwezo mpya, na kwa uwezo ule anamnyang'anya Ozai nguvu ya moto, bila kumwua. Ni vizuri, mimi nasifu mtoto anayeshika neno lake. Lakini watu wengine walinung'unika, na hawakukosa: msaada ule wa kobe ulifika mwishoni kabisa, kama zawadi. Kukumbatiwa kwa Zuko hakukuwa zawadi ya dakika ya mwisho. Kulitengenezwa tangu epizode ya kwanza, chai moja baada ya nyingine, tusi moja baada ya jingine, kwa miaka mitatu. Tulikuwapo walipokula pamoja. Tulikuwapo alipomsaliti. Kwa hiyo mzee alipofungua mikono, kila mtu alijua ilimgharimu nini.

Tena kuna jambo la kweli nyuma ya michoro. Kwa Kiingereza, sauti ya Iroh ilikuwa ya mzee Mako, aliyezaliwa Kobe, katika Japani, mwaka wa 1933. Alikufa tarehe 21 Julai 2006, kabla hadithi haijamalizika. Katika sezoni ya pili kuna sehemu fupi ambapo Iroh anapanda kilima siku ya kuzaliwa kwa mwana wake aliyekufa, anaweka picha yake chini ya mti, anaimba na kulia. Watungaji waliiweka sehemu ile kwa kumkumbuka Mako. Mtu mwingine, Greg Baldwin, alishika sauti ile mpaka mwisho. Basi, waliomkumbatia Zuko katika hema walikuwa pia watu waliofiwa na mzee wao.

Ninapenda tena deseni hii kwa sababu haikudanganya watoto. Haikusema kwamba kila mzazi atabadilika. Ozai alibaki vilevile. Zuko alipokwisha kuvikwa taji na kutangaza kwamba vita vimekwisha, alikwenda kumwona baba yake gerezani amwulize mama yake yuko wapi, na hadithi ikamalizika bila sisi kusikia jibu. Azula naye alibaki amefungwa kwa mnyororo, analia na kutema moto, hakuna wa kumshika mkono. Si kila mlango unafunguliwa. Zuko hakujua mlango wa hema ungekuwa wa namna gani. Aliingia bila kujua.

Wewe kijana uliyelia pale, ninakuuliza polepole: ulilia juu ya Zuko tu? Katika miji yetu hii ya mgodi, wako wengi waliotoka nyumbani kwa maneno makali. Wengine wako kwenye mashimo ya mawe, mwaka unapita bila kutuma salamu, si kwa kukosa njia bali kwa haya. Wanasema: "Nikipata kwanza kitu cha kupeleka, nitarudi." Zuko hakupeleka kitu. Alipeleka kinywa chake na magoti yake, akangoja mzee aamke. Kama baba yako ni mtu wa namna ya Ozai, tafuta baba mkubwa, ao shangazi, ao nyanya. Mara nyingi katika jamaa kuna mmoja ambaye bado anaacha kiti wazi.

Na ninyi wazazi, angalieni mkono wa Iroh. Haukungoja hotuba imalizike. Sisi tunapenda kumwacha mtoto aseme yote, tena aseme mbele ya jamaa yote, halafu tuongeze yetu ya miaka mitano. Iroh alikuwa na haki ya kusema mengi kuliko sisi. Alimwambia tu kwamba alikuwa na huzuni, na mambo mengine yakafuata, hata kazi ya kuponya nchi nzima. Mwishoni kabisa wote wamekaa katika duka lake la chai ndani ya Ba Sing Se, Sokka anachora picha mbaya ya rafiki zake, wanamcheka, na Zuko ndiye anayewagawia chai.

Basi, mama, ukimkuta mtoto analia mbele ya deseni, kaa karibu naye dakika kumi. Usiulize kama kazi za shule zimekwisha. Hiyo utauliza baadaye.

Kaeni na amani. Tuonane mwezi ujao.