Breki Zinapolia Baada ya Kutiwa Pedi Mpya



Juma hili twapenda kuzungumzia jambo la nyumbani ambalo aghalabu huachiwa wanaume na mafundi, nalo ni mlio wa breki za gari. Siku hizi akina mama wengi ndio wapelekao watoto skuli na madrasa, na malalamiko tuyasikiayo ni mamoja. Gari limekwenda gereji, pedi mpya zimetiwa, pesa zimelipwa, na kesho yake breki zalia kuliko zilivyokuwa. Fundi mmoja asema, "Zitazoea tu, mama." Mwingine asema, "Nunua diski mpya." Mwenye gari hajui amsadiki nani. Akikosea upande mmoja, hupoteza pesa za matumizi ya nyumba. Akikosea upande wa pili, huwatia hatarini watoto aliowapakia.

Yafaa kwanza tujue mlio watoka wapi. Diski ni sahani ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Pedi ni vibao viwili vya msuguano, kimoja kila upande wa diski, na kalipa ndiyo izibanayo tunapokanyaga breki. Vitu vikisuguana hutetemeka, na mtetemo huo ndio tuusikiao, mfano wa kidole chenye maji kinavyoliza ukingo wa bilauri. Basi si kila mlio ni ubovu. La muhimu ni kuuliza: walia wakati gani?

Ukilia asubuhi tu, kisha ukanyamaza baada ya kukanyaga breki mara chache, hiyo ni kutu nyembamba. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na gari lililolala nje huamka na diski zenye rangi ya kutu. Pedi zenyewe huikwangua. Hapana haja ya kulipa mtu.

Ukilia siku za mwanzo, huenda pedi mpya na diski ya zamani hazijakaa pamoja sawasawa. Huzoeshwa hivi: katika barabara iliyo wazi na salama, gari likiwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hukanyagwa breki kwa utaratibu mpaka mwendo ushuke hadi kilomita 10, bila ya kusimama kabisa. Kisha gari huachwa liende kidogo breki zipoe. Hurudiwa hivyo mara 8 hadi 10. Fundi mwema huifanya kazi hii mwenyewe kabla ya kurudisha ufunguo.

Mlio mwembamba ukidumu baada ya hapo, mara nyingi sababu ni kazi iliyofanywa kwa haraka. Vibanio vya zamani vilirudishwa vikiwa na kutu, pini za kalipa hazikusafishwa, au mgongo wa pedi haukupakwa grisi. Grisi hiyo ni ile maalumu ya breki, istahimiliyo joto, tena hupakwa kidogo. Haifai hata tone moja kufika kwenye uso wa pedi au wa diski, kwani likifika gari halitasimama ipasavyo. Ama diski, haitupwi kwa sababu ya mlio peke yake. Hutazamwa kama ina mifereji au nyufa, na hupimwa unene. Kipimo cha chini kabisa kwa kawaida huwa kimechorwa kwenye diski yenyewe. Fundi akikuambia ununue mpya, mwombe akuonyeshe alichokiona na alichokipima.

Ukisikia mkwaruzo hata bila ya kukanyaga breki, huenda ni bati jembamba la kukinga vumbi nyuma ya diski, lililopindika wakati wa kazi. Hilo hunyooshwa kwa dakika chache. Lakini gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine, au likitoa harufu ya kuungua, yumkini kalipa imekwama na pedi haziachii. Hiyo ipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo, na msiliguse gurudumu kwa mkono.

Ziko dalili ambazo hazina kungoja. Nazo ni sauti nzito ya chuma kusaga chuma, kitu kugonga kila ukanyagapo breki, gari kuvuta upande mmoja, au kanyagio kuzama chini. Hapo gari lisimame, na fundi ndiye afuate gari. Msiseme, "Niwafikishe watoto kwanza."

Tena tusidanganyike na kimya. Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi ili kiguse diski na kupiga ukelele pedi zikikaribia kwisha. Kikipindika au kikitiwa upande usio wake, huweza kulia hata pedi zikiwa mpya, na dawa yake ni kukirekebisha. Akija mtu akakivunja ili akuondolee kelele, gari litanyamaza, na onyo limepotea. Siku pedi zitakapokwisha hamtaambiwa na yeyote.

Basi mwendapo gereji, msiseme tu, "Breki zalia." Mwambieni fundi mambo manne: mlio ulianza lini, watoka gurudumu lipi, husikika mkikanyaga au msipokanyaga, na breki zikiwa baridi au zimepata moto. Mwombeni awaonyeshe pedi za zamani alizozitoa, na kwamba mpya zimetiwa magurudumu yote mawili ya mbele, au yote mawili ya nyuma, si moja peke yake. Kumwuliza fundi si kumvunjia heshima. Kazi yake ni amana, na mwenye amana hachukii kuulizwa.

Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyageni breki mara kadhaa likiwa limesimama, mpaka kanyagio liwe gumu. Baada ya pedi kubadilishwa, mkanyago wa kwanza huweza kuzama bure, na hapo ukutani au mtoto aliye mbele ya gari havingoji mkanyago wa pili.

Wabillahi tawfiq.