Damu ya Watoto Wetu Yadai Haki



Katika vigango vyetu vya Shinyanga na Geita twajua jinsi jambo hili linavyoanza. Mtoto avimba taya. Ang'olewa jino, uvimbe haupungui. Achanjwa chale, uvimbe wazidi. Hatimaye mganga ataja jina, na mara nyingi ni la bibi mwenye macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe jikoni kwake. Hapo ugonjwa mmoja wachimba makaburi mawili.

Uvimbe huo waweza kuwa saratani ya Burkitt, aliyoieleza Daktari Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto wa Uganda. Waweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili, lakini ukiwahiwa hutibika kwa dawa. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vilionekana katika seli za uvimbe huo. Mwaka 2004 vikawa virusi vya kwanza kuthibitika kuwa na maikro-RNA, vipande vidogo mno vinavyoratibu kazi za jeni. Na tangu 2008 imeonyeshwa kwamba vipande vitokavyo katika saratani huelea ndani ya damu na vyaweza kuifichua. Wavumbuzi wa maikro-RNA walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Hatuwaonei kijicho. Twauliza: elimu iliyochumwa katika mataya ya watoto wa Afrika Mashariki itawarudia lini?

Kipimo hicho bado ni cha watafiti. Ndugu yake, kinachotafuta DNA ya uvimbe katika damu, kimefanyiwa utafiti Muhimbili na katika hospitali ya Kanisa ya Lacor, Uganda, pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford. Vema. Lakini utafiti unaochukua damu na kuacha karatasi ni uchimbaji tu, nasi wa ukanda wa dhahabu twaujua uchimbaji.

Wapo wasemao zahanati isiyo na glavu haihitaji makuu hayo. Hao hupeleka watoto wao Nairobi. Sisi twadai glavu na kipimo pia, na chupa ya damu isafirishwe hadi Bugando bila mama kuuza mbuzi.

Kwa sasa, kila jumuiya itenge nauli: mtoto aliyevimba taya afike hospitali juma hili hili. Na katekista atakayesikia jina la bibi likitajwa, aende akaketi nyumbani kwa bibi huyo jioni ile ile, pamoja na wazee wa kigango.