Tusingoje Turubai la Msiba

Ndugu zangu wa Chang'ombe, kuzikana tunajua. Mtu akifariki mtaani, kabla hata turubai halijafungwa daftari la rambirambi limeshafunguliwa, kina mama wamebandika sufuria na vijana wako makaburini na sururu. Nauliza: yule mzee aliyekuwa akilala kwenye baraza za maduka, akapata msamaria wa kumpa chumba cha uani, au akapelekwa kwenye makazi ya wazee, nani yuko naye wiki za mwisho, kabla ya turubai?

Hombolo iko ndani ya jiji letu hilihili la Dodoma. Pale kwenye makazi ya Samaria wanatunzwa wazee wasiojiweza, wakiwemo waliougua ukoma. Wamepewa paa na chakula. Ni jambo kubwa, silibezi. Lakini paa halizuii maumivu ya saratani saa nane za usiku.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo mgongo na nyonga hutoka vidonda. Midomo ikikauka hulowanishwa kwa pamba yenye maji. Pampasi hubadilishwa, shuka hufuliwa, uji hunyweshwa kijiko kwa kijiko bila haraka asije akapaliwa. Mwenye watoto hufanyiwa haya na wanawe kwa zamu. Asiye na mtoto anahitaji zamu hiyohiyo, na wa kuipanga ni sisi.

Maumivu nayo yana dawa. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na mofini ya maji, ya bei nafuu, ikawafikia wagonjwa majumbani. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu hata wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, kuwaandikia wagonjwa mofini. Hapa nchini hospitali za Ocean Road na Selian zimetoa tiba hiyo miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya wanaohitaji tiba shufaa duniani, asilimia 14 tu ndio huipata. Wizara ya Afya isiiache huduma hii iishie hospitali kubwa. Ifike kwenye makazi ya wazee na vyumba vya uani.

Wapo watakaosema: huyo aliwatupa ndugu zake, avune alichopanda. Sikubali! Hatujui kilichomtoa kwao, kama ni njaa, ugonjwa wa akili au ugomvi wa shamba. Tukichimba kaburi hatuulizi hayo. Mbona tuyaulize angali hai?

Vyama vyetu vya kuzikana vitenge sehemu ya michango kwa aliye kitandani: sabuni, pampasi, nauli ya muuguzi. Misikiti na makanisa yatoe watu wa kukesha. Na mgonjwa aulizwe mapema, akili ikiwa bado timamu: jina lako kamili nani, dini yako ipi, ungependa uzikwe wapi, nani tumpigie simu? Wengine tunawajua kwa jina la utani tu, na siku ikifika hatujui tumwite sheikh au mchungaji.